Mbu Ana Wafadhili, Kupe Ana Nani?

Mtafiti wa Nairobi anayechunguza magonjwa yaenezwayo na mbu na kupe hana shida ya majirani. Kasarani kuna icipe, kituo cha sayansi ya wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Upande wa pili wa mji, Kabete, kuna ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Shida huanza anapoomba fedha. Akitaja mbu, anakaribishwa ndani. Akitaja kupe, anaambiwa asubiri barazani. (Kupe ana miguu minane kama buibui, kwa hiyo si mdudu hasa, lakini sidhani ananyimwa fedha kwa sababu hiyo.)

Wanaoona mgao huo ni wa haki hawakosi hoja. Malaria huua zaidi ya watu nusu milioni kwa mwaka, wengi wao wakiwa watoto wa Afrika wasiotimiza miaka 5. Atakayesema ng'ombe wa Githunguri apewe uzito sawa na mtoto wa Siaya atajibiwa kwa ukali, na itakuwa halali yake. Wala wakazi wa Nairobi wasitegemee tu baridi ya mwinuko wao wa karibu mita 1,800. Anopheles stephensi, mbu wa malaria kutoka Asia anayezaliana hata kwenye matangi ya maji, ameshaonekana Marsabit, kaskazini mwa Kenya, na huku kwetu mifereji inatoa maji kwa zamu, kila ploti ina tangi lake. Fedha za mbu zimezaa matunda pia. Mwaka 2020 watafiti wa icipe na wenzao waliripoti kwamba Microsporidia MB, kiumbe mdogo mno anayeishi ndani ya mbu bila kumdhuru, humzuia mbu huyo kubeba vimelea vya malaria. Bado ni kazi ya majaribio, ila ni kazi ya kuitia moyo.

Sasa tumgeukie kupe. Yule wa kahawia apendaye masikio ya ng'ombe hueneza ndigana kali, inayokadiriwa kuua ng'ombe zaidi ya milioni 1 kila mwaka mashariki, kati na kusini mwa Afrika. Tezi chini ya sikio zinavimba, homa inapanda, mapafu yanajaa maji, na katika wiki chache ng'ombe wa gredi amekwisha. Dawa ipo, lakini ni ghali na hufaa ikiwahi. Familia inayoishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo imepoteza karo, na pia pesa ya kumpeleka mtoto hospitalini siku atakayougua malaria. Hesabu inayotenganisha vifo vya watu na vya mifugo haioni kitu hicho.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sayansi ya ndigana kali iko mbele kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1970, pale Muguga, nje kidogo ya Nairobi, wanasayansi walitengeneza chanjo ya vimelea hai vya aina tatu, mojawapo ikitoka Kiambu. Ndama huchomwa vimelea hivyo pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini ya kutenda kwa muda mrefu. Anaugua kidogo, kisha anabaki na kinga ambayo mara nyingi hudumu maisha yake yote. Wafugaji wa Kimaasai wa Tanzania wameipokea kwa wingi. Mwenye ng'ombe mmoja Kiambu ana kikwazo: chanjo hukaa ndani ya nitrojeni kimiminika, na mrija mmoja ukishayeyushwa hutosha ndama karibu 40 na lazima utumike ndani ya saa chache. Ndama 40 wa umri ufaao atawatoa wapi siku moja?

Wenye wasiwasi na chanjo hii nao si wa kupuuzwa. Ng'ombe aliyechanjwa anaweza kubaki na vimelea na kuviambukiza kwa kupe wa eneo ambalo havikuwapo. Kinga hulegea mbele ya vimelea vya ndigana vinavyotoka kwa nyati, na anayechunga kando ya Mbuga ya Nairobi hawezi kulichukulia hilo kama jambo la mbali. Tena mfugaji akidhani josho halina kazi tena, ndigana baridi na mkojo mwekundu, magonjwa mengine ya kupe, vitamfundisha vingine.

Mimi ningemwachia mbu fungu kubwa, bila kigugumizi. Ila wagawaji wa fedha wanauliza tu ugonjwa upi unaua wengi, hawaulizi shilingi inayofuata itafanya nini. Kwa mbu, itaongeza kidogo juu ya rundo lililopo. Kwa kupe, ingelipia kazi isiyoleta tuzo wala makala ya kifahari: kufungasha chanjo ya Muguga kwa dozi tano badala ya 40. Njia ya kuifikisha haihitaji kubuniwa, kwa sababu wahimilishaji wa Kiambu tayari wanazunguka na pikipiki wakibeba mbegu za fahali katika mitungi ya nitrojeni ileile.