Pasi Nimeishika, Bado Si Yangu

Jumamosi mke wangu kanituma pasi. Nikashuka mjini, hadi lile duka kubwa lenye matawi kila kona. Jina nalimeza. Rafu inasema 2,450. Bango la mlangoni linasema 1,899. Nikamwita dada mhudumu.

"Hiyo ya 1,899 ni bei ya mtandaoni, mzee."

Mzee! Nina miaka 43.

"Na hii niliyoshika?"

"Hiyo ni ya dukani."

"Zina tofauti gani?"

"Ni zilezile, mzee."

Zamani duka lilikuwa duka. Siku hizi liko kwenye rafu, liko kwenye simu, liko WhatsApp, liko mgongoni mwa bodaboda, na hakuna moja linalosalimiana na mwenzake. Halafu wanaringa kama wamevumbua kitu! Sears ya Marekani iliuza vitu kwa posta tangu karne ya 19. Duka la kwanza walikuja kulifungua 1925, Chicago. Kuanzia 1908 mtu aliagiza hata nyumba kwenye katalogi yao, ikaja kwa treni, mbao, madirisha, misumari imo. Nyumba! Katalogi kubwa wakaifunga 1993, mwaka mmoja kabla Amazon haijazaliwa, lakini hicho ni kilio chao. Mimi nataka pasi.

Basi nikasimama palepale mbele ya rafu, nipakue programu yao. Bando likakata. Waifai ya duka ikataka baruapepe, baruapepe ikataka neno la siri, neno la siri analijua kijana wangu, na kijana yuko mpirani. Nikanunua bando la 50. Nikalipa kwa M-Pesa, simu ikalia: oda imepokelewa. Huyoo, mlangoni na pasi yangu.

Askari akanizuia. "Risiti?"

Nikamwonyesha simu.

"Hii ni ya mtandaoni, mzee. Hiyo uliyobeba ni ya dukani."

Dada akaja, akaitoa mkononi mwangu polepole, kama anayemnyang'anya mtoto kisu, akairudisha kwenye rafu. Eti yangu itatoka ghalani, Mombasa Road. Kesho.

Kesho, kimya. Jumatatu, kimya. Shati la kazini nikalilaza chini ya godoro, nikalala juu yake kama maiti, nisigeuke likaingia mikunjo. Mke wangu ananitazama tu, na huko kutazama kuna maneno mengi kuliko matusi.

Jumanne saa tatu asubuhi simu ikaita. Mama mkwe, kutoka Meru. Kumbe akaunti ilibaki na anwani ya Desemba, tulipomtumia blanketi.

"Baba Shiru, asante sana. Mungu akubariki, pasi ni nzuri kweli." Akanyamaza kidogo. "Sasa na stima, wataleta lini?"