Reli ya Chuma ya Pittsburgh na Ile Tunayoisubiri Liganga

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa Pittsburgh, Marekani, na muda wote huo nimeishi karibu na njia ya zamani ya reli ya Pittsburgh and Lake Erie. Mimi ni mzaliwa wa Korogwe, mjukuu wa mpakiaji wa robota za katani, kwa hiyo mngurumo wa treni ya mizigo usiku wa manane haujawahi kunikosesha usingizi.

Kampuni ya reli hii ilianzishwa mwaka 1875, na mwaka 1879 treni zikaanza kwenda Youngstown, Ohio. Njia yenyewe haikuwa ndefu, lakini watu waliiita Jitu Dogo kwa sababu mzigo iliobeba ulizidi mno urefu wake: madini ya chuma, koki (makaa ya mawe yaliyookwa kwa ajili ya kuyeyushia chuma) na mawe ya chokaa vilikwenda kwenye matanuri ya kandokando ya mito, na chuma cha pua kikatoka humo kwa mabehewa ya kampuni hiyohiyo. Jirani yangu, mzee aliyefanya kazi katika karakana za McKees Rocks, alinionyesha taa yake ya mkono. Kioo chake chekundu kina ufa, na mpini umelainika kwa kushikwa miaka mingi. Aliirudisha kabatini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Tarehe 19 Septemba 1977 ilitangazwa kwamba kiwanda cha chuma cha Campbell, karibu na Youngstown, kingefungwa, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza ajira. Viwanda vingine vikafuata katika miaka ya 1980, na reli iliyokuwa imeegemea mteja mmoja haikuwa na pa kushika. Treni yake ya mwisho ya abiria ilisimama mwaka 1985, kisha miaka ya 1990 njia ikawa mali ya CSX, kampuni kubwa ya reli ya Marekani, ambayo hadi leo inapitisha mizigo. Stesheni kuu ya mwaka 1901, yenye vioo vya rangi vya kupendeza, imekuwa mgahawa. Wameitunza vizuri sana, nami nawasifu kwa hilo, ila nasikitika kuona watu wakila chakula cha jioni mahali ambapo hakuna anayeweza kukata tiketi.

Kwetu Tanzania mambo yalianza vivyo hivyo. Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na katani ikawa mzigo wake mkubwa. Nyuzi za viwandani zilipoiangusha katani, reli nayo ikadhoofika, hadi majani yakafunika mataruma na abiria wakahamia kwenye mabasi. Hata hivyo mwaka 2019 treni ya abiria ilirudi Moshi, na shangazi yangu akanipigia simu kutoka stesheni ili nisikie honi tu.

Ndiyo maana nafuatilia kwa makini mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kusini mwa Tanzania, wenye matawi ya kwenda kwenye chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Nauunga mkono kwa moyo wote, lakini nataka michoro yake iwe na majukwaa ya abiria na maghala ya mazao tangu siku ya kwanza, ili mkulima wa viazi wa Ludewa apakie magunia yake kwenye treni ileile inayobeba chuma.