Ngiri Aliyevua Kichwa

Mvulana aliyeigiza Pumbaa, yule ngiri wa filamu ya The Lion King, alishindwa kupumua. Kichwa cha ngiri alichovalishwa kilishonwa kwa sponji ya godoro na blanketi kuukuu, kikamfunika hadi mabegani. Saa tisa alasiri ya Desemba, katika ukumbi mmoja hapa Kisumu, hata sisi tuliokuja na kichwa kimoja kimoja tulikuwa tukijipepea kwa karatasi za ratiba. Katikati ya wimbo akakivua. Akakibana kwapani kama mtu atokaye sokoni na kuku, akafuta jasho kwa mkono mwingine, akaendelea kusema maneno yake.

Hapo ndipo ukumbi ulipoamka. Kwa muda mrefu tulikuwa tumetazama masponji yenye midomo isiyofunguka huku sauti za Wamarekani zikitoka kwenye spika. Sasa tukaona uso, tukaona macho ya mtoto yakicheza. Na kile kichwa pale kwapani kikazidi kuwa ngiri kuliko kilipokuwa kichwani, maana mvulana alianza kukigeuza kitazame kule alikotazama yeye. Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

Mpwa wangu, aliyekuwa swala wa tatu kutoka kushoto, aliniambia njiani tukiwa kwenye tuktuk: "Waya (ndivyo anavyomwita shangazi kwa Kiluo), amegombezwa sana kule nyuma. Wamesema ameharibu mchezo."

Kundi lenyewe silitaji. Ni watu wa nia njema, na nimeona jinsi walivyohangaika soko la Kibuye kutafuta vitambaa. Lakini kosa lao ni letu sote: tukipandisha filamu ya katuni jukwaani, tunadhani kazi yetu ni kuifanya ifanane na ile ya kwenye televisheni. The Lion King ilitoka mwaka 1994, ina dakika 88, na watoto wa Kondele wanaijua neno kwa neno. Ukimtoza mzazi shilingi 300 aje kuona kitu kile kile, isipokuwa kina jasho zaidi na spika inayokwaruza, umemwonea.

Kampuni ya Disney yenyewe ilipita njia hiyo ya kunakili. Mchezo wake wa kwanza wa Broadway, kwenye majumba makubwa ya michezo ya New York, Beauty and the Beast, ulifunguliwa mwaka huo huo wa 1994, na wengi walionyanyua pua walisema ni katuni iliyovalishwa watu. Pesa uliingiza, kwa kuwa haukufungwa hadi 2007. Kisha mwaka 2008 wakaleta The Little Mermaid. Jukwaa halina maji, sasa nguva ataogeleaje? Wakawavisha waigizaji viatu vyenye magurudumu kisiginoni, wateleze. Mwaka uliofuata mchezo ulikuwa umefungwa. Sisemi magurudumu ndiyo yaliyouzamisha, ila kila nikiwaza nguva anayeteleza sakafuni kama mtoto kwenye dukakuu, nacheka.

The Lion King ilipata bahati ya mwongozaji Julie Taymor. Mama huyu aliwahi kuishi Indonesia akiwa kijana, na huko alikutana na michezo ya vikaragosi na vivuli. Mchezo ulipofunguliwa Broadway Novemba 1997, kinyago cha Mufasa, baba yake Simba, kilikaa juu ya kichwa cha mwigizaji, uso wake ukabaki wazi chini yake. Unamwona mfalme na unamwona mtu, na hakuna anayejaribu kukuficha mmoja wao. Twiga ni mtu aliyepanda mironjo, miwili miguuni na miwili mikononi. Mchezaji mmoja hubeba swala watatu: mmoja kichwani, mmoja kila mkono, naye akiruka nao wanaruka. (Mpwa wangu alivalishwa suruali ya kubana ya kahawia akaambiwa asimame.) Ukame unapoingia, ziwa ni duara la kitambaa cha buluu linalovutwa polepole kwenye tundu la sakafu hadi linakwisha. Simba jike wanapolia, wanavuta utepe wa kitambaa kutoka machoni. Utepe tu! Kila mtu anaona ni utepe, na watu wazima wanalia nao.

Mwaka 1998 Taymor akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Tony ya uongozaji wa mchezo wa muziki. Mvulana wetu aligundua siri ile ile kwa sababu ya joto, akaambulia kugombezwa.

Linaloniuma ni kwamba hili si jambo la kufundishwa na Wazungu. Tamasha za drama za shule zimekuwapo Kenya tangu 1959, na yeyote aliyepita humo anajua ufundi huu kwa mwili wake. Nilipokuwa sekondari kule Vihiga tulitengeneza matatu kwa watu kumi na viti viwili. Makanga alining'inia hewani, ameshika hewa, na wote tuliinama pamoja kwenye kona. Hakuna jaji aliyetuuliza magurudumu yako wapi. Katika shairi la kundi wasichana wanne waligeuka mlango, wakafungika, wakagongwa, wakafunguka. Sasa watu wale wale, wakishakua na kuanzisha makundi yao, wakisikia neno "myuziko" wanasahau yote hayo na kukimbilia sponji.

Halafu kuna lugha. Karibu yangu alikaa dani mmoja, bibi aliyeletwa na wajukuu, mama wa makamo ya juu, amevaa kitambaa chake vizuri. Kila Mufasa alipoita "Simba!" alikunja uso. Mwishowe akaniuliza kwa Kiluo kwa nini yule mzee anaita nyumba.

Kwa msomaji asiye wa huku: simba kwa Kiluo ni kibanda cha kijana ambaye hajaoa, kinachojengwa karibu na lango la boma la baba yake. Mnyama mwenyewe ni sibuor. Mimi nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu dani alikuwa amenipa mchezo mzima mkononi. Fikiria kijana aliyekimbia boma baada ya kifo cha baba, akaacha kibanda chake kimesimama pale langoni. Kijenge jukwaani kwa mafunjo ya Dunga. Kila onyesho linapopita, mtu anachomoa konzi moja ya mafunjo, hasemi kitu, anaondoka nayo. Aliyetwaa boma anapochukua ng'ombe, konzi. Njaa inapoingia, konzi. Kijana anaporudi anakuta miti mitupu imesimama, na jina lake ni hilo hilo. Huhitaji wimbo wa kueleza.

Dani hakuishia hapo. Scar alipotwaa ufalme, aliuliza kama huyo ndugu wa marehemu ameshamrithi mjane. Filamu imelipita swali hilo kimya kimya. Hapa kwetu huwezi kulipita, ter, desturi ya kurithi mjane, inajulikana na bado inagombanisha watu mazishini. Toleo la Broadway lililigusa kwa upande mwingine: Scar anamtaka Nala, rafiki wa Simba tangu utotoni, awe malkia wake, na hilo linakuwa sababu moja ya Nala kuondoka. Katika filamu halimo. Ndivyo dakika 88 zinavyogeuka saa mbili na nusu bila kuchosha: mahali palipoachwa kimya panafunguliwa mlango. Nyimbo za Elton John na Tim Rice hazikutosha kujaza muda huo, ikabidi Lebo M wa Afrika Kusini na wenzake waongeze nyingine, na kwangu mimi hizo zilizoongezwa ndizo uti wa mgongo.

Ya fisi aitwaye Shenzi sitaki kuyasema sana. Neno hilo walowezi walilitumia kwa babu zetu, na mtu akilitamka jukwaani Kisumu, nusu ya ukumbi inacheka na wazee wanatazamana. Marekani ni jina tu. Na lile la "hakuna matata", ambalo Disney walilisajili kama alama yao ya biashara huko kwao mwaka 2003, sijapata kumsikia mtu wa bodaboda akilisema. Hapa ni hakuna shida.

Rafiki ndiye ninayemwonea wivu zaidi. Kwenye filamu ni nyani dume. Taymor aliona hadithi haina mwanamke mwenye nguvu, akamfanya mwanamke, mganga mwimbaji anayefungua mchezo kwa sauti yake peke yake. Sisi tunaye huyo tayari. Ni pim, yule mama mzee wa siwindhe, nyumba ambamo watoto walilala wakisimuliwa sigana, yaani hadithi, hadi usingizi uwachukue. Mweke pim pembeni mwa jukwaa na kigoda. Yeye ndiye asimulie, watoto waliomzunguka ndio wanaoinuka wawe simba, fisi, swala, na akikohoa warudi kuwa watoto. Vinyago visukwe kwa gugumaji. Lile gugu limetusumbua ziwani miaka yote hii, na mafundi wa huku wanasuka nalo viti na vikapu, manyoya ya shingoni mwa simba yatawashinda nini? Spika zizimwe. Nyatiti ina nyuzi nane tu lakini mpigaji hodari, na ile pete ya kidole cha mguu ikigonga ubao, ni bendi nzima. Kwa vurugu ya fisi waitwe Waisukha na Waidakho wa Kakamega na ngoma zao tatu za isukuti. UNESCO iliiorodhesha ngoma hiyo mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka, na sioni ulinzi mkubwa kuliko kumpa kijana kazi ya kuipiga Jumamosi na Jumapili kwa malipo.

Najua nitakachoambiwa: hayo si The Lion King tena. Kweli, na kisheria hayawezi kuwa. Toleo fupi la watoto lipo, hukodishwa kwa mkataba, na mkataba wa namna hiyo hukutaka useme maneno kama yalivyoandikwa. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 nayo inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aitafsiri na nani aigeuze. Kwa hiyo mwenye kutaka jina hilo kwenye bango alipie na afuate. Anayetaka pim na kibanda cha mafunjo aliache jina, aache Mufasa na Pumbaa na nyimbo zote, abaki na mifupa. Mifupa haina mwenyewe. Mrithi anayefukuzwa na ndugu wa baba yake alikuwa katika masimulizi ya Denmark kabla Shakespeare hajamchukua akamwita Hamlet, na waliotengeneza filamu hawakuficha kwamba walimtazama Hamlet. Wala hatutakuwa wa kwanza nchini kuvusha katuni hadi jukwaani: Tinga Tinga Tales, zilizochorwa Nairobi, zilifanywa mchezo wa muziki na Eric Wainaina na wenzake, na mwaka 2018 ukaonyeshwa New York.

Wachoraji wa Disney, kabla ya kuchora, walikuja kutazama Hell's Gate, hapo Naivasha, kaunti ya Nakuru. Walitazama miamba, mwanga na nyasi, wakaenda kuviweka kwenye karatasi. Jukwaa likitaka kuvirudisha huku haliwezi kurudisha karatasi.

Wiki iliyopita kundi lile limenipigia simu, wamesikia nina maneno mengi, wananitaka Desemba ijayo nije niyafanye. Nimekubali kwa sharti moja, yule mvulana awe wa kwanza kuchaguliwa. Mafunjo nimeshaulizia Dunga. Mpwa wangu anataka kuwa pim, ana miaka tisa, nimemwambia aanze kujifunza kukohoa. Kinachonisumbua ni wale nyumbu wanaotimua mbio Mufasa anapokufa. Taymor aliwaweka kwenye mapipa yanayozunguka nyuma ya jukwaa, na mbele yake watu wenye vinyago vinavyozidi kuwa vikubwa kadiri wanavyosogea. Mimi nina watoto kumi na wanane, njuga za gara jozi sita za kuazima, na ukumbi wenye mlango mmoja, tena upo nyuma ya watazamaji.

Pengine waingilie huko huko nyuma, taa zikiwa zimezimwa.