Gari la Kifahari la Paa la Kukunja: Usingoje Bei, Ngoja Gari Lenyewe

Mtu anayetamani gari la kifahari la paa la kukunja, lenye umri wa miaka ishirini na ushei, huwa na hoja moja inayomzuia kulinunua leo: magari haya hushuka bei kila mwaka, basi kwa nini asivute subira alipate kwa fedha pungufu? Kwa gari la miaka mitano hoja hiyo ina nguvu. Kwa gari la zamani naikataa, kwa sababu bei yake hushuka pamoja na hali yake, na mwenye kungoja mno huishia kulipia matengenezo ambayo mmiliki aliyemtangulia aliyakwepa.

Mfano mzuri ni Mercedes-Benz SL. Toleo la R129 lilitengenezwa kuanzia 1989 hadi 2001, likarithiwa na R230 lililodumu hadi 2011. Si ajabu kukuta R230 likiuzwa kwa bei ya chini kuliko R129 lililotunzwa, ingawa ndilo jipya zaidi na paa lake ni la chuma, na mnunuzi asiyejua sababu hudhani ameokota dodo chini ya mnazi. Sababu ipo chini ya bati. Mengi ya R230 yana mfumo wa ABC, unaotumia mafuta yenye shinikizo kubwa kulizuia gari lisilale kwenye kona, na ukianza kuvuja gari huchuchumaa upande mmoja. Breki zake za kielektroniki, SBC, ndizo zilizomlazimu mtengenezaji kuyaita magari mengi gereji mwaka 2004 na 2005. Kifaa chake huhesabu kila mara breki inapokanyagwa, na hesabu ikifika kikomo kilichowekwa, taa ya onyo huwaka na kifaa kizima hubadilishwa.

R129 nalo lina yake. Katika magari ya nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, ganda la nyaya za injini hukauka na kupukutika. Paa lake la turubai huendeshwa na silinda nyingi ndogo za haidroliki ambazo mipira yake huchoka kwa umri, hata kama gari halikutembea sana, na ndiyo maana kilomita chache pekee hazinishawishi. Ninapokagua gari la aina hii hushusha kwanza vizuia jua na kupitisha kidole juu ya fremu ya kioo cha mbele, mahali paa linapojifunga. Kidole kikitoka na mafuta, silinda za mbele zimeanza kuvuja. Kisha naomba paa lifunguliwe na kufungwa mara mbili mfululizo, nikisikiliza kama pampu inakwama au inanguruma kupita kiasi, na mwisho nainua mazulia, kwa maana harufu ya ukungu humaanisha maji yamekuwa yakiingia kwa muda mrefu, na vifaa vya umeme havipatani na maji.

Kungoja kunakofaa, basi, ni kungoja mambo mawili: akiba ya matengenezo iliyo kando kabisa na bei ya kununulia, na gari lenye stakabadhi za sevisi zinazofuatana bila pengo kubwa. Katika nchi zenye baridi kali kuna pia faida ya msimu, kwa kuwa wanaotaka gari la wazi hupungua wakati wa theluji na wauzaji hulegeza masharti. Zaidi ya hapo sioni sababu ya kukawia, kwani magari yaliyotunzwa vizuri hupungua kila mwaka, na wenye nayo hawana haraka ya kuyauza.

Ukilipata gari la namna hiyo, muuzaji akakuruhusu ulipeleke kwa fundi wako mwenyewe alikague akiwa amelinyanyua, na akiba yako ikabaki bila kuguswa, linunue wiki hiyohiyo. Lakini muuzaji akikwambia kwamba paa linafanya kazi vizuri ila leo betri imeisha nguvu, mshukuru na uondoke, hata kama rangi ya gari ndiyo uliyoiota miaka yote.