Mchakato, mchakato, mchakato!

Jamani hivi nyie hamchoki? Mbunge anasimama pale Dodoma anauliza vizuri kabisa, ziwa limepanda, mvua hazieleweki, mvuvi wa Kibirizi anasaidiwaje? Sisi huku Kigoma redio iko sikioni, mama mmoja kaacha hadi dagaa wake kwenye chanja, kunguru wakajibebea. Naibu waziri anainuka, anashukuru weee, anampongeza mbunge kwa ufuatiliaji, halafu eti serikali iko kwenye mchakato. Basi! Mchakato gani huo, mimba ya tembo ina nafuu!

2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, Mei 15 mpaka Agosti 15, sawa, samaki wazaliane, sikatai. Ila na matumbo yetu yalifungwa? Marejesho ya mkopo wa injini yalifungwa? Unaambiwa kalime, ukalime wapi wakati shamba la mpunga la shemeji yangu kule Ilagala mvua ikizidi unavua kambare humohumo?

Swali la nyongeza likaulizwa, likajibiwa upembuzi yakinifu. Bibi yangu akaniuliza, mjukuu wangu, huyo Mchakato ni mbunge wa wapi, mbona anatajwa kila siku?