Ni mwanga, si joto

Makala yenu kuhusu fuwele zinazogeuka rangi juani inasema fuwele hizi, zenye metali na molekuli za kaboni pamoja, hugeuka rangi kwa sababu "zinachomwa na jua". Hapana, ndugu mwandishi. Nafundisha kemia hapa Mbale na jambo hili nalipenda mno. Katika fuwele zenye violojeni (molekuli ya kaboni inayopokea elektroni kwa urahisi), mwanga, hasa wa urujuanimno, huhamisha elektroni kutoka kwa ioni kama kloridi hadi kwa violojeni, nayo huwa radikali, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake, yenye rangi ya buluu au kijani. Joto mara nyingi hufanya kinyume kabisa: huirudisha rangi ya awali! Hata oksijeni ya hewani huweza kuifuta hiyo rangi mpya. Tafadhali rekebisheni aya hiyo. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wameshainakili daftarini.