Kijana wa Tenda Ana Upara

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 hapa Kenya imeniweka katika kundi la watu wa kubebwa, nami sijawahi kukataa kubebwa. Inaagiza kila taasisi ya umma itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake ya ununuzi kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kwa kuwa Katiba inamtambua kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na asiyefikisha 35, mimi mwenye miaka 34 na upara unaong'aa ni kijana halali, tena nina cheti cha AGPO, mpango wa serikali wa kuyapa makundi hayo zabuni, kutoka Hazina ya Kitaifa. Taabu ni kumshawishi karani. Nilipopeleka zabuni ya kalamu na karatasi katika ofisi moja, alikitazama cheti, akanitazama kichwa, kisha akauliza kwa adabu, "Mzee, kijana mwenyewe yuko wapi?"

Sikatai kwamba tumehurumiwa. Cheti hicho hakilipiwi, na badala ya dhamana ya benki sisi hutia saini tamko tu. Lakini ofisi hiyohiyo inayotafuta mfanyabiashara mdogo ilitaka nilete hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa, ilhali mkaguzi angekula faida yote ya kalamu kabla sijauza hata moja. Halafu kuna nambari za kurasa, ambazo lazima zifuatane kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zabuni yangu ilitupwa kwa sababu ya karatasi ya waridi isiyo na neno hata moja, niliyoiweka kutenganisha vyeti vya kodi na vya usajili, kwa kuwa kamati iliamua kuwa nayo ni ukurasa.

Walioshinda nao wanangoja malipo. Jirani yangu alipeleka viti akiwa kijana, na sasa anafuatilia hundi yake akiwa ameshavuka 35. Nadhani itakapotoka ataipokea pamoja na pensheni.

Ujana wangu ukikaribia kuisha kisheria, nimefikiria kuhamia upande wa wanawake. Hapo sheria inataka wanawake wawe angalau asilimia 70 ya wanachama wa biashara, na uongozi wote uwe mikononi mwao, yaani mama watoto awe mkurugenzi nami nibaki nyuma bila kauli yoyote, jambo ambalo, tukisema kweli, halitavuruga sana utaratibu wa nyumbani kwetu. Nilimweleza mpango huo kwa unyenyekevu wote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni nani atakayesomba makatoni, na nilipojitolea akasema, "Baba Neema, kampuni haiajiri watu kwa kujuana." Ameagiza niandike barua ya kuomba kazi na kutaja wadhamini wawili, na wala mmoja wao asiwe mama yangu.